Umekula Nini Leo? Kwa Spéciose wa Simama Wima

Mwaka umetimia, Mama Ariane, tangu Jumanne ile ulipotuacha ukiwa jikoni, mwiko mkononi, maharage yakiwa bado magumu motoni. Majirani ndio waliomalizia kuyapika, na kila aliyeingia akatia chumvi yake. Hayakulika.

Familia imeniomba niandike tangazo fupi, lenye heshima. Binti yetu Ariane alitaka liwe la Kiingereza. Nimekataa. Ulinigombeza kwa Kiswahili miaka ishirini na sita, kuanzia Bujumbura mpaka hapa Johannesburg, na sioni kwa nini leo nikujibu kwa lugha nyingine. Kuhusu ufupi, tutaona.

Kwa wasiokujua: Jumatatu hadi Ijumaa ulikuwa fundi cherehani hapa Doornfontein. Jumamosi ulikuwa mkuu wa Simama Wima, darasa la vijana katika ukumbi tulioazimwa na kanisa, ghorofa ya pili. Uliwafundisha kushona, kunyoa, kupiga picha, kuuza walichotengeneza, na kutunza mwili na akili. Jina ulilitunga mwenyewe, kwa sababu kwako aliyepinda mgongo hakuruhusiwa kusema. Hata mchungaji ulimnyoosha kabla hujamwitikia salamu.

Mimi, fundi viatu, ulinitangaza kuwa msaidizi wako. Uongo mtupu. Nilikuwa kifaa cha kufundishia. Wanaojifunza kunyoa walijifunzia kichwani kwangu, na siku mwanafunzi wako Bijou alipofika katikati ya kichwa, umeme ukakatika. Ulisema nisiondoke, wa darasa la picha wapate kazi. Picha ile ilitundikwa kwenye maonyesho kule Newtown, nusu upara nusu nywele, na watu wasionijua wakasimama mbele yake wakisema ina ujumbe mzito. Ujumbe wake ni kwamba umeme ulikatika.

Somo la biashara ulimwachia Moraa, Mkenya wa benki, aliyekuwa akija kila Jumamosi kutoka Midrand na mabango yake. Lakini mtihani ulikuwa wako: kila mwanafunzi aniuzie kitu changu mwenyewe. Kiatu changu cha kushoto nimekinunua mara nne. Bijou aliniuzia nyundo yangu, na mpaka leo naamini nilipata bei nzuri.

Halafu lile somo la kupumua. Unakumbuka? Uliwalaza vijana wote sakafuni, macho wamefumba, kimya. Mzee wa kanisa akaingia kutafuta viti, akaona vijana thelathini wamelala chali na wewe unapita katikati yao ukisema, "Toa nje, yote, toa nje." Akapiga magoti akaanza kukemea mapepo kwa sauti kubwa. Vijana walidhani ni sehemu ya somo. Kila alipokemea, wao walivuta pumzi na kuitikia amina. Mzee alikuja nyumbani wiki ile kukushukuru, akisema hajawahi kuona huduma yenye utii kama ile, na wewe ukampa chai wala hukumsahihisha.

Lakini kitu chako hasa kilikuwa daftari. Kwako mahudhurio hayakuitwa kwa "nipo". Ulimtaja mtu jina, ukamuuliza, "Umekula nini leo?" Na alichojibu ndicho kilichoandikwa. Aliyejibu "hakuna" hakuchekwa wala kuhurumiwa. Alielekezwa kwenye sufuria la maharage pale pembeni, na somo halikuanza mpaka amalize sahani. Ulisema huwezi kumfundisha mtu kuuza huku anatazama mkate wa mwenzake.

Ulipima presha ya vijana wote, yangu, hata ya yule mzee wa kanisa. Yako hukuipima. Ulisema kliniki ina foleni na nguo za watu hazijaisha. Nimekukasirikia kwa hilo, Mama Ariane, na bado sijamaliza kukasirika. Nalisema hapa mbele ya watu ili wanaosoma wainuke wakapime zao.

Tulipokuzika niliamua kulifunga darasa. Kwaya ilikuwa inautaka ukumbi, na mimi sikutaka kuiona ile sakafu tena. Nikasema Jumamosi nitatoa cherehani zako, nitarudisha ufunguo, basi, Simama Wima imekwisha.

Jumamosi ile nilipofika niliwakuta Moraa na vijana kwenye ngazi. Wote. Hakuna aliyewaita. Wamesimama ngazi kwa ngazi, migongo imenyooka, na mimi ndani ya koti langu jeusi la msiba nimepinda kama ndoano.

"Rudini nyumbani," nikawaambia. "Mwalimu hayupo."

Bijou alikuwa mbele kabisa, daftari lako mkononi. Wewe ndiye uliyempa alitunze.

"Papa Révé, simama wima kwanza."

"Bijou, mimi leo siko kwa michezo."

"Hata sisi. Umekula nini leo?"

"Mkate," nikasema.

Tumbo likanguruma. Mama Ariane, lilinguruma kwenye ngazi za simenti, pale sauti inapozunguka kuanzia juu hadi chini. Kuna aliyekohoa ili asicheke. Moraa akatazama viatu vyake.

"Eish, Papa," Bijou akasema polepole. "Mama alisema hapa hatudanganyi."

Sikuwa nimekula tangu Alhamisi. Sikuwa naona sababu. Nikamwambia ukweli, naye akaandika, nikiona: Papa Révérien, hakuna.

"Sasa sheria unaijua," akasema. "Wa 'hakuna' harudi nyumbani. Anakula kwanza."

Sheria niliijua. Na sufuria lilikuwa ndani ya ukumbi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua.

Walipika wao. Nilikula nikilia, mbele ya vijana thelathini waliokaa kungoja nimalize, kwa sababu hiyo pia ni sheria. Nilipoweka sahani chini, kijana mmoja akaniuzia kofia yangu, na kazi ikaanza. Haijasimama mpaka leo. Kwaya inaimbia kwingine, na haijatusamehe.

Sasa mahudhurio naita mimi. Presha yangu napimwa kila mwezi, na nesi ameacha kunifokea.

Wanaokukumbuka leo, kwa utaratibu wa daftari lako:

Binti yako Ariane: chai na magwinya mawili, yale maandazi ya huku, amekula huku anatembea.

Mwanao Régis: anasema ni matunda. Ana mayonezi kwenye shati.

Kaka yako Bertrand: nyama choma, na ametuma picha ambayo hakuna aliyeiomba.

Moraa, tuliyemfanya ndugu: uji, ndani ya gari, kila taa ya robot barabarani ilipokuwa nyekundu.

Bijou, ambaye sasa ana kiti chake cha kunyolea na wateja wanaotoka na kichwa kizima: wali na samaki, amepika mwenyewe.

Vijana wa Simama Wima: ni wengi, ukurasa umejaa. Wawili walisema "hakuna". Tumewangoja wamalize sahani ndipo nikaketi kuandika haya.

Mimi mumeo, Révérien: maharage. Safari hii yameiva.

Wote tumekula, Mama Ariane. Kila tukila, tutakukumbuka.