Amplifaya Mbili Sebuleni Kwako

Mpendwa baba,

Shikamoo. Leo ni sendofu ya Adela, kitindamimba wako. Nakuandikia nikiwa jikoni hapa Biharamulo, maana huko sebuleni hakuna anayenisikiliza.

Unazikumbuka zile spika mbili ulizokuja nazo kutoka Rusumo, enzi unatoa mizigo mpakani? Ulishuka kwenye basi umezikumbatia, mama akakuuliza kama umeoa tena. Jumapili baada ya kanisa ulikuwa unaniita nyuma ya spika hizo unionyeshe nyaya. Ulikuwa na amplifaya mbili, na katikati yake swichi ya kuchagua ipi ipeleke sauti. "Moja kwa wakati," ulisema. "Zikiwaka pamoja kwenye spika hizo hizo, kila moja inasukuma umeme tumboni mwa mwenzake." Hata swichi hukuniruhusu kuigeuza kabla sijazima zote mbili. Nilikuona msumbufu kweli.

Sasa sikia. Wakwe wametoka Nyabusozi na amplifaya yao, wanataka isikike. Baba mdogo naye hataki yetu inyamaze, eti watu watasema nyumba ya marehemu imefulia. Swichi yako inaruhusu moja tu, basi ameing'oa. Nyaya za mashine zote mbili amezisokota pamoja nyuma ya spika zako, ili pasiwe na upande uliodharauliwa.

Nilimfuata kwa adabu zote. "Shikamoo baba mdogo. Baba alilikataza hili."

"Marahaba. Wewe shughulika na pilau."

Jana jioni wakajaribu. Muziki ulitoka mkubwa, watu wakapiga makofi. Kidogo tu, mfuniko wa amplifaya ukawa wa moto haushikiki, ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Baba mdogo akazima, akasema ni vumbi, kisha akazifunika mashine zote mbili kwa kitambaa cha meza zipendeze.

Na kando ya kitambaa hicho, baba, wamemlaza mama yako. Tangu ututoke miguu yake haimbebi. Asubuhi nilimhamishia chumbani, wakamrudisha, ati namnyima bibi furaha ya mjukuu wake. Naogopa. Harufu ile haijanitoka puani. Wewe ungesema neno moja tu na wangetii. Nimekukumbuka leo mpaka nimekukasirikia.

Nikichomoa waya sasa, watachomeka nikigeuka. Kwa hiyo nitakaa kati ya bibi na soketi, na wakiwasha tu, nachomoa mbele ya wakwe wote. Ukoo utasema sina adabu. Adela pengine hatanisamehe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini bibi hawezi kukimbia.

Sala ya kufungua imeanza. Nilidhani wangesubiri amina, ila nasikia mngurumo wa chini unatoka kwenye spika. Wameshawasha. Nakimbia, baba. Pumzika wewe.

Binti yako mkubwa