Panya Mwenye Pete Sikioni

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Nimekwisha!

Haya, soma. Leo tulikuwa na kikao cha kuchagua mnyama mmoja wa kulindwa mwaka huu: papa ninaowatafiti mimi, au panya anaowatafiti yule mama wa chumba cha pili. Unanijua nikishika maiki. Nikasema papa huchukua miaka mingi kukomaa, ndiyo maana wanaisha. "Panya je? Panya ni panya! Hata ofisini kwangu wamejaa, nimewategea gundi!" Bosi alicheka mpaka akafuta machozi.

Yule mama hakucheka. Akasema taratibu, "Wangu wamebaki kilima kimoja tu. Na mmoja ametoroka kizimbani tangu juzi." Kisha akanigeukia: "Gundi umeitega wapi?"

Gundi umeitega wapi! Mbele ya watu wote! Nikajibu eti nilishaitoa. Uongo mtupu.

Wakapiga kura. Papa kashinda. Nikapigiwa makofi.

Nimerudi ofisini mbio, nimejifungia kwa ufunguo. Yuko hapa nyuma ya kabati, miguu yote minne imenasa. Pete ya namba sikioni. Anahema. Nampaka yale mafuta yangu ya nazi, kidole kwa kidole. Mguu mmoja umeachia.

Mwenzangu, tumbo lake linachezacheza. Ana mimba.

Na yule mama anagonga mlango. Wala hana hasira. Anasema, "Mwanangu, fungua, nimekuja kukupa hongera."