Mkoba Ninao Mimi

Dada yangu,

Kabla hujashika kifua, hakuna aliyekufa. Najua barua yangu ikikufikia utaanza kuwahesabu watu, maana tangu simu ziingie sijakuandikia hata mstari mmoja. Kaa kwanza. Vaa miwani, ile nzima, siyo ile uliyofunga na uzi, halafu zipokee salamu zangu kwa mikono miwili kwa sababu ni nyingi. Goti linasemaje? Bado linalia ukiinuka? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mwambie koti lake nimeliwekea viwiko vipya, lakini vifungo vinakatika kwa sababu ya tumbo lake, asije akanilaumu mimi na uzi wangu. Mimi ni mzima. Macho tu ndiyo yanakataa tundu la sindano, siku hizi namwomba mteja anitungie uzi, tena nakuwa mkali akichelewa.

Isome mwenyewe kwanza. Usimpe binti yako akusomee. Mwandiko wangu unaujua, darasa la tano niliishia mlangoni, herufi zangu zinatembea kama kuku aliyemwagiwa maji, na karatasi yenyewe ni hii ya kaki ninayochorea nguo kabla ya kukata. Lakini ukienda polepole utafika. Ningekupigia simu, ila kwenye simu mimi nacheka. Unanijua. Nikianza na jambo lenye uzito nalikwepa, naingia kwa jirani, natokea kwa mwenye nyumba, na salio linakwisha jambo lenyewe sijaligusa.

Huku dukani mambo ni yale yale. Yule mama wa mapazia niliyekwambia amemfukuza mume kwa sababu ya kukoroma, amemrudisha. Anasema kumbe bila ule mkoromo usingizi haumjii. Mwenye nyumba naye amepaka ukuta rangi ya kijani, kila anayeingia anatoka na alama begani, na mimi ndiye naambiwa nina duka chafu. Na fundi wa viatu hapa jirani ameanza kuvaa tai, tunachunguza kwa nini.

Unaona? Nimeshaanza kukwepa. Narudi.

Juzi ulinipigia ukasema Jumamosi mtakaa sebuleni kwako, wewe, shemeji, kaka yetu mkubwa na mjomba wa mkwe wangu, mumwulize mke wa mwanangu kwa nini alipanda lile gari la bustani ya bembea huku anajua ana mimba. Ukasema akikosa jibu arudi kwao akapumzike kidogo, na wote tunajua mwanamke akipelekwa kwao kupumzika maana yake ni nini. Mimi nikakujibu sawa dada, ninyi ndio wakubwa. Nilipokata simu nikakata na blauzi ya mteja, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, nikabaki nimeshika mkasi.

Kisa chenyewe unacho, maana kilitoka kwangu. Ofisi ya mwanangu, hawa watengenezaji wa majokofu, iliwapeleka wafanyakazi na watu wao kwenye bustani ya bembea, tukaenda watatu, mwanangu, mkewe na mimi na gauni langu la zambarau. Dada, pale ni pazuri. Kuna vikombe vikubwa vinazunguka na watu ndani, kuna vigari vya kugongana, kuna farasi wa plastiki ambaye nilimpanda mimi na umri huu mpaka mwanangu akageuka pembeni kama hanijui. Na katikati kuna reli ya chuma imepindapinda angani. Kigari kinavutwa kwenda juu taratibu, kinapiga mlio kama cherehani yangu ikikosa mafuta, kikifika kileleni kinaachiwa. Wanakiita Nyoka.

Mwanangu alikwenda kupanga foleni ya maji na bisi. Sisi wawili tukaingia foleni ya Nyoka, nyuma yetu mke wa bosi wake na wake za wafanyakazi wenzake. Mlangoni kuna ubao wenye picha. Moyo umekatwa kwa mstari mwekundu, mtu mwenye mgongo mbovu amekatwa, na mwanamke mwenye tumbo naye amekatwa. Mimi nilisema mapema kwamba nina presha, kwa hiyo nitabaki chini, mkwe wangu apande aje anisimulie.

Anayefunga watu mikanda ni mwanaume mzima, ana ndevu, lakini ana haya kama bibi harusi. Kazi inamtaka amwulize kila mwanamke kama ana mimba. Akashindwa kulitamka neno hilo mbele ya foleni ya wake za watu, akawa anauliza, mama, una mzigo? Wa mbele yetu wakasema hapana. Alipofika kwa mkwe wangu nikadakia mimi. Nikamwambia hana mzigo wowote, baba, mkoba ninao mimi. Nikauinua juu auone. Foleni nzima ikacheka. Jamaa naye akacheka, akamfunga mkanda.

Kigari kilipoachiwa wenzake wote walipiga kelele. Yeye sikumsikia. Aliposhuka alishika vyuma vya pembeni mpaka kwenye benchi, akakaa, akaomba mkoba wake. Mwanangu akaja na bisi zake, akamwona uso umempauka, akauliza nani kampandisha. Nikasema kapanda mwenyewe, mtu mzima huyo.

Siku ya nne akalazwa. Mimba ilikuwa ya wiki kumi na moja, ikatoka. Daktari alisema pengine ingetoka tu, mambo haya hutokea, na hakuna wa kuapa kwamba ni kile kigari. Neno hilo nimelishika mpaka limechakaa.

Mwanangu alimwuliza mkewe kwa nini alipanda. Akamjibu neno moja, muulize mama. Akaja kuniuliza. Nikamwambia baba, nilisikia mzigo nikajua ni mizigo, mimi kutwa nzima watu wananiingilia dukani na vifurushi, ningejuaje? Akaniamini papo hapo. Mwanangu amekulia kwenye mdomo wangu, anajua huwa unatangulia na akili inafuata baadaye. Akakaa kwenye kiti cha wateja akalia huku amejifunika kitambaa cha mtu, na mimi namfuta na kuhesabu moyoni kwamba nimepona.

Halafu nikaongeza. Mama wa mapazia alipokuja kutoa pole nilimwambia sawa, mimi sikuelewa, lakini yeye je? Mwenye mimba asijue mzigo ni nini? Siku ile ile fundi wa viatu akanirudishia maneno hayo kama ya kwake. Na wewe ulipoyasema juzi kwenye simu, tena kwa hasira, niliyatambua, kama unavyoutambua mshono wako kwenye nguo ya mtu anayepita barabarani.

Sasa nifike. Nilijua.

Wiki mbili kabla ya bustani, mkwe wangu alikuja dukani nimshonee gauni la kuvaa kwenye harusi ya mwenzake kazini. Vipimo vyake ninavyo kwenye daftari tangu aolewe. Kiuno, ishirini na nane. Nikazungusha futi, ikasoma thelathini na nusu. Nikazungusha tena. Nikamtazama, yeye akatazama cherehani, akasema mama, weka tu lastiki, nimenenepa. Uso umekonda, mikono imekonda, mwiko mtupu, kiuno peke yake ndicho kinenepe? Dada, nimepima wanawake miaka ishirini na sita. Mimba nyingine nimezijua kabla ya wenyewe.

Nikanyamaza, mimi, nikangoja aniambie. Nilipomletea gauni la kujaribu nikamwuliza anajisikiaje, akasema salama. Nikamwuliza mbona chai haimalizi, akasema ni ya moto. Siku moja mama yake mzazi akapita dukani, akaniuliza mtoto wetu anakula vizuri siku hizi, halafu akauma ulimi akaanza kusifia rangi ya ukuta. Ukuta ule wa kijani. Hapo nikajua kwao wanajua na mimi ndiye nimefungiwa mlango. Iliniuma, dada, sikufichi. Nilikaa na ile futi mkononi kama mtu aliyeibiwa.

Na sababu ya kunificha niliijua, hata wewe unaijua. Mimba ya mwaka jana aliniambia mimi wa kwanza, kabla ya mama yake. Alikuja nikiwa napiga pindo, akaninong'oneza, akasema mama, tafadhali, tuko watatu tu. Kabla duka halijafungwa walikuwa wanajua mtaa mzima. Wiki tatu baadaye ikatoka. Wale wale waliokuja kupongeza wakarudi kutoa pole. Na mmoja hakuwa amesikia kwamba imetoka, akaja na beseni la kumwogeshea mtoto, lile la waridi, siku hiyo hiyo mkwe wangu anatoka hospitali. Alilipokea mlangoni. Akasema asante sana. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Kwa hiyo kwenye foleni nilijua kila kitu. Na yeye alijaribu, dada. Alisema kichwa kinamuuma, nikamwambia upepo wa juu utakiponya. Alisema atabaki ashike mikoba yetu, nikamwambia mwenye presha ni mimi. Alisema tumngoje mumewe. Nikapandisha sauti wa nyuma wasikie, nikasema kwani una nini mwanangu, kama una kitu sema, sote hapa tumezaa. Mke wa bosi akacheka, akasema wasichana wa siku hizi waoga. Nilitaka atamke tu, basi. Anigeukie aninong'oneze kama mwaka jana. Ningemtoa pale mimi mwenyewe, ningepiga kelele mpaka wamzime Nyoka wao.

Yule jamaa alipouliza mzigo alishusha macho tumboni. Niliyaona macho yake. Mkwe wangu akafungua mdomo. Na hilo nililiona. Ndipo nikadakia la mkoba, kwa kumchokoza, nikidhani atanikatiza mbele za watu na mimi nitakuwa nimeshinda. Akanitazama nimeinua ule mkoba, wote wanacheka. Hapo alijua kwamba najua. Akageuka, akakaa kwenye kigari, akaweka mikono juu ya chuma.

Nimeumia kichwa kutafuta kwa nini alipanda, na hilo ndilo swali mnalotaka kumwuliza Jumamosi. Nadhani aliona beseni lingine linakuja.

Tangu atoke hospitali ananiamkia kila siku, vizuri, kwa heshima zote, halafu anapita. Hajamwambia mume wake hata neno zaidi ya lile la muulize mama. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja na hajaisema. Na mimi nilikuwa tayari mumrudishe kwao aende nayo.

Kwa hiyo Jumamosi asije. Kile kiti mlichomwekea nitakikalia mimi. Mwanangu nitamwambia kesho, akitoka kazini, kabla barua hii haijakufikia, asije akalisikia kwa mtu. Akimchukua mkewe wakahamia mbali na mlango wangu sitamlaumu. Miaka yote, dada, kila nililokwambia nilimalizia na usimwambie mtu, na wewe ulijua maana yake, ukalipeleka. Hili waambie. Ukishaisoma mwenyewe uisome tena sebuleni kwa sauti, usiruke mahali hata kama nimeandika vibaya, na mjomba wa mkwe umkalishe karibu kwa sababu hasikii vizuri. Mama wa mapazia nitamwambia mwenyewe. Yeye akishajua, fundi wa viatu hana haja ya kuambiwa.

Nisalimie shemeji, koti nitakuja nalo. Wasalimie watoto wote, na binti yako mwambie sketi yake ni ndefu inavyotakiwa, aache kuikunja. Lile gauni la mkwe wangu limekwisha, liko kwenye msumari mlangoni, lina lastiki kiunoni kama alivyotaka. Kila anayeingia ananiuliza ni la nani.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa nguo,
mnayemwita Kipaza.