Kwako Moto Ulizimwa, Mjomba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana najua huko uliko hujaacha uvivu wa kujibu salamu.

Mwandiko wangu ni ule ule uliosema kuku amepita na miguu yenye tope. Darasa la sita watu wanasema lilinishinda. Mimi husema niliona limenitosha. Lakini mpwa gani mwingine unaye aliyelala Lubumbashi chini ya lori, akagombana na askari wa mpakani Tunduma kwa lugha tatu, akarudi Uluguru na meno yote? Kwa hiyo ninayokuandikia yanatoka kwa mtu aliyetembea. Nimeona mengi barabarani. Hili la nyumbani sikuwahi kuliona, na barua hii siifungi kwenye bahasha. Asome anayetaka.

Wewe ulikuwa mpishi wa misiba. Hukuajiriwa wala hukuchaguliwa, ila mtu akifa kuanzia kwetu huku juu mpaka kule chini Mkuyuni, walitafutwa watu wawili, padri na wewe, na mara nyingi wewe ulifika kwanza. Ulikuja na mwiko begani, mrefu kama mpini wa jembe. Ulitafuta mahali upepo hausumbui, ukapanga mafiga, kisha ukaanza kuwaamrisha wanaume wenye ndevu zao. Wewe kuni. Wewe maji. Wewe acha kulia, chambua maharage.

Nakumbuka uliponichukua kwenda Mzinga kwenye msiba wa mfanyakazi mmoja, mtu wa kuja, asiye na ndugu Morogoro nzima. Nilikuuliza njiani, "Mjomba, huyu tunamjua?" Ukasema, "Mkewe ana njaa. Unataka kumjua kwa lipi tena?" Siku hiyo nilisonga ugali mpaka mabega yakawaka, nawe ukanicheka mbele ya watu kwamba nasonga kama ninayebembeleza mtoto. Chakula kilipoiva ukanivuta pembeni, ukanionyesha yule mjane. "Mwangalie. Akimeza tonge, hata moja, leo atalala." Akameza. Ukavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Na usafi wako nao, jamani. Ndoo ya maji na sabuni vilikaa pale jikoni kwako kabla bwana afya yeyote hajatukanyagia kilima. Aliyepita bila kunawa ulimrudisha. Baba paroko ulimrudisha. Akanawa huku anacheka, akakuuliza kama na mbinguni utasimama mlangoni na sabuni.

Ndiyo maana kipindupindu kilipoingia na mvua, Mtendaji wetu wa kata akatangaza marufuku ya kula misibani, marufuku ya sherehe za chakula, marufuku ya pombe za kienyeji na matunda ya kukatwakatwa, sisi hatukubisha. Mimi mwenyewe niliitetea ile amri kijiweni kwa waendesha bodaboda. Niliwaambia, msicheze na ugonjwa huu, mimi nimeona kwa macho mtu anavyokwisha maji mwilini kati ya asubuhi na adhuhuri. Mama Felista, jirani yetu wa pale chini kwenye migomba, alimzika mumewe akiwa amefungwa kwenye nailoni, bila kumwosha, bila moto kuwashwa. Akakubali. Alilia, akakubali.

Halafu ukafa wewe. Hukufa kwa kipindupindu, ulikufa kwa kile kifua chako kilichokuwa kikipiga filimbi tangu mimi mdogo. Habari ilinikuta Mikese tumesimama kukagua matairi. Nikamwachia mwenzangu usukani na mzigo wa watu, nikapanda bodaboda, nikapanda na mlima kwa miguu, mimi mwenye kitambi hiki.

Watu walikuja, Mjomba. Ungeona ungevimba kichwa. Wapishi uliowafundisha walikuja na masufuria kwa mazoea tu, mikono ikafanya kazi kabla akili haijakumbuka amri. Mafiga yakapangwa, moto ukawaka. Maji yalikuwa hayajapata joto Mtendaji alipofika na mgambo wake.

"Poleni wafiwa," akasema. "Lakini amri mnaijua."

Mmoja wa vijana wako wa jikoni, ambaye sasa naye ana wajukuu, akamsogelea akiwa amevua kofia. "Mheshimiwa, aliyelala pale ndiye mpishi mwenyewe. Turuhusu uji tu, wa akina mama waliotoka mbali."

"Hata uji. Ugonjwa haujui nani mpishi."

Na hapo alikuwa amesema kweli. Mama yangu, dada yako wa tumbo moja, akatoka ndani akasema, "Zimeni. Kaka yangu hakupenda ubishi jikoni." Mgambo akamwaga ndoo ya maji juu ya kuni. Ulizikwa na ule moshi mbichi ukituchoma macho, na sikujua yupi analia kwa msiba na yupi kwa moshi.

Yule mjane wa Mzinga alikuja. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alipoona hakuna chakula alikaza kanga tumboni, akanishika mkono, akaanza kuteremka mlima na njaa yake. Mtu uliyembebea mwiko siku ambayo hakuwa na ndugu ameondoka kwako bila hata uji. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, nikajiambia ni sawa, ni ugonjwa, siku ya kumlisha itafika.

Kwetu unajua mambo yalivyo. Matanga hayaishi mpaka ukoo ukae, chakula kipikwe, kiliwe, ndipo jina lako limkalie mpwa anayelirithi na dada yako avue kaniki ya msiba. Mama akasema tutangoja ugonjwa uishe. Akakaa na ile kaniki yake nyeusi ndani ya nyumba, anatoka kuchota maji na kurudi.

Jumamosi moja mchana, tukiwa bado tunangoja, upepo ukapanda na harufu ya pilau. Nilidhani njaa inanichezea. Mara muziki, mara sauti ya mshereheshaji kwenye spika akiwaita wageni waalikwa kukaribia meza. Mtani wetu Mnyamwezi, yule fundi baiskeli, akapanda mbio kutuambia. Mtendaji anamfanyia binti yake sendofu, ya kumuaga kabla ya harusi. Turubai limefungwa nyumbani kwake, wapishi wametoka mjini, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani na majani mdomoni.

Nilitaka kuteremka peke yangu. Nilishapanga na maneno, mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu ya mama. Nikageuka nikamkuta amevaa viatu.

Tuliingia chini ya turubai, mama mbele na kaniki yake, mimi na mtani nyuma. Aliyeshika kipaza sauti akapunguza muziki bila kuambiwa. Mtendaji akainuka na suti yake ya rangi ya anga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kipindupindu kimeisha, hatukusikia tangazo."

"Hapana, mama. Hii ni shughuli ndogo ya kifamilia. Maji yote yamechemshwa."

"Na sisi kuni za kuchemshia tulikuwa nazo," akasema mtani. "Mkazimwagia maji."

Mtendaji akajaribu kucheka. "Mtani, usilete utani wako hapa."

"Mimi sitanii, mheshimiwa. Nauliza tu nijue. Huu ugonjwa ukikuta mtu amevaa suti, hurudi wenyewe au mpaka utolewe barua?"

Wachache walicheka, kisha kicheko kikafa. Uani kulikuwa na watu wamejaa kwenye ua wa matete, waliovutwa na harufu kama sisi. Mama Felista alikuwa miongoni mwao. Hakupaza sauti. "Mume wangu mlimpeleka kaburini kwenye nailoni," akasema. "Uso wake sikuuona. Nilikubali kwa sababu ulikuja nyumbani kwangu ukaniambia ni kwa ajili ya watoto wa kata hii. Hawa wanaokula hapa ni watoto wa kata ipi?"

Mtendaji akatazama simu yake, Mjomba. Mwanamke anamuuliza hivyo, naye anatazama simu. Mpaka leo nikikumbuka kile kidole kinavyopandisha na kushusha kioo, damu inanichemka.

Kisha akakosea zaidi. Akaita sahani. "Leteni chakula, wazee wetu hawa wakae wale."

Sahani ikaja, pilau imelundikwa, nyama juu. Mama hakuigusa. "Sikuja kula," akasema. "Nimekuja kuona kwa macho yangu, nisije nikakusingizia." Akageuka. Wanawake wa kata waliokuwa wamealikwa, walioketi na vitenge vyao vya sare, wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kutufuata. Hawakutukana mtu. Waliacha tu. Nimemhurumia binti, yeye hakutoa amri yoyote, lakini baba yake ndiye aliyemkalisha mbele ya keki ya sherehe ile.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Siku chache baadaye Mtendaji akapanda mwenyewe mpaka kwetu, mwendesha bodaboda nyuma yake na gunia la mchele kichwani. Akakaa kwenye kigoda chako. Akazungumza kwa upole kama mposaji.

"Mama, tusikwazane. Fanyeni matanga yenu. Pikeni, kaeni ukoo wote, ila kimya kimya. Mimi sitaona kitu."

Mjomba, nilifurahi. Kichwani nilishaanza kugawa kazi, nani kuni, nani maji. Niliona jina lako linapata mtu, na mtu huyo, tusifichane, ni mimi. Niliona mama anavua kaniki.

Mama akauliza, "Na Mama Felista umemruhusu?"

"Yake ni tofauti, mama. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wenyewe."

"Na wafiwa wale wa ng'ambo ya mto?"

"Siwezi kuruhusu kila mtu. Ugonjwa bado upo."

"Kama bado upo, beba mchele wako. Unataka na sisi tule kwa kujificha, ili kesho tukikusema utuambie hata nyie mlikula."

Akabeba. Mwendesha bodaboda alijitwisha tena lile gunia huku anatazama chini, na mimi nilitazama chini vilevile, kwa sababu mate yalikuwa yameshanijaa mdomoni.

Tangu hapo watu wanakuja barazani kwetu kila jioni. Hasira zao sizijui mwanzo wala mwisho. Wapo wanaosema, basi na sisi tupike, amri imekufa. Nawajibu kwamba ugonjwa haukuhudhuria sendofu, kwa hiyo haujui kama amri imekufa, na watoto wetu bado wanaharisha. Tutanawa, tutachemsha, tutangoja. Lakini kungoja huku kumekuwa kuchungu. Mwanzo tulinyimwa na ugonjwa, na ugonjwa haumdharau mtu. Huyu alitutazama tukizima moto wa maiti wetu, akarudi nyumbani kuchagua rangi ya turubai.

Kesho kutwa ameitisha mkutano wa hadhara kuzungumzia usafi wa vyoo. Wamenichagua mimi nisimame, kwa kuwa mdomo wangu haujawahi kukosa mafuta. Nitasoma barua hii yote, na sehemu ya simu nitaisoma mara mbili. Sitaki afukuzwe kazi. Atakuja mwingine na suti nyingine. Nataka asimame mbele ya Mama Felista amjibu lile swali, kwa mdomo wake, mchana, na sisi tukisikia.

Bosi wangu amepiga simu, lori linakwenda Zambia. Nimemwambia atafute dereva mwingine, ingawa hatampata kama mimi, na hilo nalo nimemwambia.

Tutakupikia, Mjomba. Siku hiyo itakuwa ile ambayo Mama Felista naye ataruhusiwa kumpikia mumewe, na yule mama wa Mzinga nitamfuata kwa gari nimlete. Kabla ya hapo hatuwashi. Najua umechoka kungoja. Mama yangu naye amechoka, na ni yeye aliyekataa.

Ulale salama.

Ni mimi mpwa wako, mtoto wa dada yako, ambaye bado hajapewa jina lako.