Mama Asilie Hadi Ijumaa

Jumamosi, 21 Desemba

Kitinda amekufa. Nimeandika, lakini mkono wenyewe hauamini. Jana alasiri, kule mjini alikokuwa anajenga — jukwaa la mafundi likaachia, akaanguka nalo. Msimamizi wake ndiye aliyempigia kaka mkubwa. Mdogo wetu wa mwisho!

Mama hajui. Yuko chumbani, jicho la kulia limefungwa bandeji tangu upasuaji wa juzi. La kushoto lilishakufa miaka mingi. Daktari alituambia sote: asiiname, asinyanyue kitu kizito, na zaidi ya yote asilie. Akilia, jicho hilo basi tena. Bandeji inafunguliwa Ijumaa ijayo.

Kaka mkubwa tunamwita Mwenyekiti, maana hata kuku wakigombana ataitisha kikao. Leo katuita nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo. Keshaamua. Kitinda abaki mochwari hadi Ijumaa, na Krismasi iendelee kama Mama alivyoipanga. Nikasema hiyo ni dhambi. Akaniuliza kama nataka Mama apoteze mtoto na jicho kwa mpigo mmoja. Nikaanza kuanua nguo.

Jumapili, 22 Desemba

Joto la kuua mtu. Bati linalia juu ya vichwa vyetu, kiangazi hiki hakina huruma.

Mama alishatoa amri tangu mwezi jana: mwaka huu hakuna cha dukani, kila kitu kwa mikono yetu. Anataka asikie nyumba yake ikifanya kazi. Basi tumefanya. Mti wa waya, majani ya vipande vya kijani vilivyobaki kwenye cherehani yangu. Mama kaketi mlangoni anaukagua kwa vidole. Hili tawi, anasema, limelegea kama sharubu za baba yenu! Tukacheka wote. Hata mimi. Halafu nikaona haya, nikajifanya nakwenda kuteka maji.

Akauliza Kitinda anafika lini. Mwenyekiti akajibu haraka mno: kazi imembana, Ijumaa atakuwa hapa.

Si uongo. Ndilo linalonitesa.

Jumatatu, 23 Desemba

Mama kashikilia: kama haji Krismasi, basi apige simu. Anataka sauti yake tu.

Kikao tena kwenye kamba ya nguo. Kaka wa pili, fundi rangi — Redio, kwa jinsi anavyopenda kusema — ana sauti ileile ya Kitinda. Tangu utotoni watu walikuwa wakiwachanganya. Redio akakataa. Akasema heri akatwe ulimi. Mwenyekiti akambembeleza, akamfokea, akambembeleza tena. Wifi, mke wa Mwenyekiti, akainua ndoo yake akaondoka, hakutaka kusikia.

Mwishowe Redio akajificha nyuma ya ukuta wa jirani, akanipigia. Nikamwekea Mama simu sikioni. Kwa mkono wangu mwenyewe!

"Mwanangu! Umekula?"

"Nimekula, Mama."

Akambariki. Akamwambia asilete zawadi, ajilete mwenyewe. Nilishika simu hadi sikio la Mama likalowa jasho la kiganja changu.

Redio karudi, kanawa uso bombani, kakaa. Hajasema neno tangu hapo. Redio imezimwa.

Jumanne, 24 Desemba

Keki ya sufuria, makaa chini na juu. Wifi kapiga mayai mpaka bega likamuuma. Mama akanusa kutoka chumbani — punguzeni ya juu, inaungua! Imeungua kweli upande mmoja. Tumekwangua kwa kisu.

Hajamtaja Kitinda leo. Hata mara moja. Mwenyekiti anasema ni dalili njema. Mimi sioni hivyo.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wengine walikwenda kanisani asubuhi, nikabaki na Mama. Mchana tukala wali na kuku, watoto wa Mwenyekiti na nguo mpya nilizowashonea. Mama alikula vizuri. Aliomba dua ndefu, akatutaja wote mmoja mmoja, isipokuwa mmoja. Kisha akasema amechoka, nimpeleke ndani.

"Funga mlango. Kaa."

Nikakaa kitandani. Akanitafuta mkono, akaushika.

"Yule wa kwenye simu alikuwa Redio."

Nikavuta mkono, hakuuachia.

"Nimewazaa wote wawili. Mnadhani kufungwa jicho ni kuzibwa masikio? Nilimbariki hivyohivyo, maskini. Alikuwa anatetemeka."

Nje watoto walikuwa wanagombania kiti. Mama akangoja wamalize.

"Sikuulizi kama yupo. Angekuwepo msingenipa wa kubandika. Nakuuliza, mmemvisha nini?"

Ningeweza kudanganya. Midomo ilishazoea. Lakini kwa swali lile!

"Bado hatujamvisha, Mama. Tunangoja Ijumaa."

Hakulia. Alinikaza vidole mpaka vikafa ganzi.

"Kwa ajili ya jicho?"

"Ndiyo, Mama."

"Nani kaamua?"

Anajua nani kaamua. Nyumba hii nani mwingine huamua?

"Kamwite. Aje aniambie kwa mdomo wake."

Nikatoka. Mwenyekiti alikuwa barazani anawakatia watoto keki. Nikamnong'oneza. Uso ukamsinyaa nikiutazama. Mwambie nakuja, akasema, watoto wale kwanza. Redio akainuka — atakwenda yeye. Neno lake la kwanza tangu juzi! Mwenyekiti akamdaka shati: kaa chini!

Naandika hapa jikoni, kwenye kigoda, mlango wazi. Kurudi chumbani siwezi, kukaa nao siwezi. Jasho linadondokea karatasi. Watoto wanaimba, maneno wanayakosea. Keki imeshagawiwa yote na yeye bado ameshika kisu, anakata vipande kuwa vipande.

Mama anaita. "Mwenyekiti!" Tena. "Mwenyekiti!" Sauti haina kilio. Ingekuwa na kilio ningejua la kufanya.

Sasa haiti Mwenyekiti tena. Anamwita kwa jina la ubatizo, lile la zamani, la siku za fimbo. Watoto wamenyamaza. Kaka ameweka kisu chini. Hajainuka —