Unafikia kwa Nani?

Baba Neema,

Nimekwenda. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana akina mama wa kanisani kwetu wakiamua kupeleka habari, hata huko uliko zitafika. Nimekwenda Kopenhagen, mwaka wa msiba wako haujaisha, nimevaa gauni la njano. Tena sijutii.

Unalikumbuka lile kopo la biskuti la bluu, ninalowekea sindano na nyuzi? Najua unalikumbuka. Miaka tisa lilikaa kwenye meza ya jikoni na kila ukinywa chai ulikuwa unaligeuza uangalie ule mfuniko wenye picha ya nyumba za rangi za Kopenhagen zimejipanga kando ya maji. Ulikuwa unasema, "Mama Neema, siku moja tupande ndege bila msiba wala harusi. Tufike mahali hatujulikani, tukae tu." Mara mbili tulipanda ndege pamoja tangu tuhamie Toronto, na mara zote mbili tulikwenda kuzika. Nami nilikuuliza lini, ukanijibu mwakani. Ukafunga vifungo vya sare, ukaenda kiwandani, na Jumamosi ukaenda kulinda maegesho ya magari. Mwakani, mwakani. Nimekukasirikia sana kwa neno hilo, nisikufiche. Novemba moyo wako ukasimama ukiwa umekaa kwenye basi, bado umevaa sare.

Kwa hiyo Julai ilipofika nikakata tiketi.

Wifi Felista alipopata habari alipiga simu kutoka Mississauga kabla sijamaliza kuosha vyombo. Hakunisalimu. "Unakwenda Denmaki? Kwa nani?" Nikamwambia sina mtu. "Kuna msiba?" Hakuna. "Harusi?" Hakuna. "Sasa unafikia kwa nani?" Nikamwambia nafikia hotelini, nakwenda kupumzika. Akasema, "Mama Neema, please. Nguo nyeusi tulikuvisha sisi na tutakuvua sisi. Ukienda kutembeatembea na kaburi la kaka yangu halijaota hata majani, mimi usinijue." Akakata.

Baba Neema, dada yako hata kaburini kwako hakai. Anafagia, anang'oa magugu, anakusemesha amesimama. Nilimwambia Neema kwamba labda nisubiri mwaka uishe. Unamjua mwanao, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. "Mom, just go," akasema, akarudisha visikizio vyake masikioni.

Swali la unafikia kwa nani liliniandama wiki nzima. Mchungaji aliuliza. Mwenzangu wa zamu pale kwenye nyumba ya wazee aliuliza. Mama Bahati wa kanisani hakuuliza, yeye alileta furushi la dagaa nimpelekee binamu yake Hamburg, akaniambia si ni Ulaya hiyohiyo. Wewe ungelichukua. Mimi nilimrudishia dagaa zake, akaondoka amenuna.

Sikubadilisha nguo chooni uwanja wa ndege kama mwizi. Nilitoka mlangoni kwetu mchana kweupe na gauni langu la njano, nikapita mbele ya wale mabibi wa ghorofa ya chini wanaokaa na mifuko yao ya sokoni, nikawasalimu mmoja mmoja.

Sasa cheka, maana hapa nilifanya ujinga. Nilipofika hotelini nikafungua sanduku, nikakuta nimefungasha kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Majani ya chai. Chapati kumi na mbili ndani ya karatasi ya foili. Kanga doti moja, mpya, imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Mikono yangu ilifungasha yenyewe, mkono mtupu haulambwi. Nikakaa kitandani nikiziangalia zile chapati. Nilikuwa sina mwenyeji hata mmoja katika mji mzima.

Basi nikampelekea mwenye hoteli. Ni mama mzee mrefu, nywele nyeupe, hoteli yenyewe ina vyumba vinane na ngazi zinazolia. Nilimkabidhi vyote kwa mikono miwili. Akadhani nauza. Nikatikisa kichwa. Akadhani nimesahau kulipa, akafungua daftari akanionyesha kwamba nimeshalipa. Nilivyozidi kumsukumia ndivyo alivyozidi kurudisha, hadi nikamwachia mezani nikapanda zangu juu. Asubuhi nilipoteremka kunywa chai nikaikuta kanga imetandikwa kwenye meza yangu, na juu yake chapati zetu zimekatwa vipande vyembamba, zimepakwa siagi na jamu. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tukuzike. Yule mama akaja akala kipande kimoja amesimama, akanipigapiga begani.

Nilipita bustanini nikaona bata. Nilipanda mashua ya watalii, mwongozaji akaeleza kwa lugha tatu nami sikushika hata moja kwa sababu nilikuwa naangalia tu. Watu wa huko wanaendesha baiskeli na gauni, na suti, na mtoto mbele kwenye kikapu, na hakuna anayekukodolea macho. Siku ya tatu nikazifikia zile nyumba.

Zipo, Baba Neema. Zimejipanga vilevile. Watu wamekaa ukingoni miguu inaning'inia juu ya maji, vijana kwa wazee, hawafanyi chochote. Nilinunua aiskrimu nikakaa mbele ya nyumba ya njano, ya tatu ukihesabu kutoka kushoto kwenye mfuniko. Nililia nikala, nikala nikalia, aiskrimu ikanichuruzikia mkononi. Nikakutukana kidogo, unisamehe. Pembeni yangu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na kila aliyetaka kuikalia nilimwambia kwa Kiswahili kwamba ina mwenyewe. Walielewa, wakasogea mbele. Nilikaa hapo saa tatu nzima.

Nikarudi. Jumapili mbili Wifi Felista alinipita mlangoni mwa kanisa kama anapita nguzo. Jumamosi iliyopita akaja nyumbani, nguo nyeusi juu mpaka chini, akakataa kuvua koti. Alisema familia imekaa kikao, haijapenda, na siku ya kuvua nguo inabidi niombe radhi mbele za watu.

Nikamwambia, "Wifi, kuvuliwa nitavuliwa, na pilau nitapika mwenyewe. Radhi siombi. Kaka yako alikufa amechoka. Mimi sitakufa nimechoka."

Nilijua ataondoka. Hakuondoka. Akavuta kopo, akaligeuza kama ulivyokuwa unaligeuza wewe, akiangalia mfuniko. Halafu akauliza, sauti ndogo, "Ulikaa mbele ya ipi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya ile nyumba ya njano.

"Aliniahidi na mimi," akasema. "Alisema tutakwenda watatu."

Hukuniambia, Baba Neema. Nilimvua dada yako koti kwa mikono yangu, naye akaacha nimvue. Akakaa kwenye kiti chako hadi chai ikapoa, hakuosha kikombe, hakufuta meza, hakuulizia kazi yoyote.

Sijui kama amenisamehe. Radhi bado anaidai, nami bado nakataa. Ila Julai ijayo nampeleka. Sikusema mwakani, neno hilo nimelifukuza humu ndani; nimesema Julai, na tarehe nimeiandika nyuma ya kalenda ya jikoni kwa wino. Akitaka kuja na nyeusi zake, shauri yake. Wakituuliza tunafikia kwa nani, tumekwisha patana la kujibu: tunafikia kwa marehemu, ametushikia nafasi.

Lala, mume wangu. Vua sare, ulale. Ahadi yangu ni moja: nitakaa ukingoni na dada yako upande mmoja, na upande wa pili sitamruhusu mtu.

Mama Neema