Neema na Askari wa Sokoni

Jumamosi, jioni

Naandika haya kwa furaha. Leo Neema, binti yangu wa miaka sita, alinipotea sokoni Mpanda nilipokuwa nachagua dagaa. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka.

Nikamkuta amesimama na askari wa kike, wanaongea kama mtu na shangazi yake.

"Aliniamkia vizuri, akasema amepotea," afande akaniambia. "Akataja jina lako, na kwamba mnakaa Mwamkulu. Nani kamfundisha?"

"Mimi."

Mimi, ambaye utotoni nikiona sare nilikimbilia shambani! Nilikuwa namwambia akiona askari asimame, aamkie, aseme ukweli, huku mwenyewe naogopa.

Nimempa afande mkono, na kwa mara ya kwanza sikuangalia chini.